Wimbo Usiomtaja Mungu

Somo: 2 Samweli 1:17–27

Wapendwa wa Kibiti mjini, na ninyi wa Mbwera na Salale ambao karatasi hii huwafikia kwa boti ikiwa imeshalowa pembeni,

Wiki hii nataka kuzungumzia muziki wa dansi. Najua wazee wangu wa kanisa watakohoa. Wakohoe, kisha wasome hadi mwisho.

Mwaka 1970 Wajapani waliandaa maonyesho makubwa ya dunia mjini Osaka. Yalifunguliwa Machi, yakafungwa Septemba. Nchi 77 zilishiriki, na watu zaidi ya milioni 64 walipita kwenye malango yale. Wamarekani walipeleka jiwe lililotoka mwezini, na watu walisimama foleni ndefu kulitazama. Tanzania, pamoja na mengine, ilipeleka Morogoro Jazz. Mpiga solo na mtunzi wa bendi hiyo alikuwa kijana aliyekuwa bado hajafika miaka thelathini, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Safari ile ilizaa wimbo unaoitwa "Expo 70", na waliokuwa na redio enzi zile wanaukumbuka.

Alikuwa mtu wa mkoa wetu. Alizaliwa Juni 1944 huko Mzenga, Kisarawe, ingawa jina lake limeshikamana na Morogoro, mji uliomkuza kimuziki. Aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akatoka mwaka 1973 kuanzisha Super Volcano. Siku hizo hapa nchini hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, kwa hiyo bendi zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, au zikavuka mpaka kwenda Nairobi. Wimbo wake uliopendwa kuliko zote, "Shida", ulitoka huko. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa, akiwa na miaka 34. Kwa mwanamuziki ambaye vijukuu wa waliozicheza nyimbo zake bado wanamsikiliza, miaka hiyo ni michache mno.

Mara nyingi nimewaza: wale Wajapani walisikia nini? Kiswahili hawakukijua. Gita walilisikia, bila shaka, na pengine miguu ikatikisika. Zaburi ya 137 inatueleza habari za Waisraeli waliochukuliwa mateka Babeli. Wenyeji waliwataka waimbe wimbo wa kwao, wakashindwa. Vinubi wakavitundika mitini wakakaa wanalia. Mbaraka hakuwa mateka, alialikwa, na aliimba. Lakini hata wasikilizaji wake walikuwa watu wenye vilio vyao. Mjapani yeyote wa makamo aliyepita kwenye viwanja vile alikuwa ameiona vita na miji iliyoteketea, na nchi yake ilikuwa imejenga upya kwa haraka kiasi kwamba nafasi ya kulia ilikuwa finyu.

Mwaka 1961 mwimbaji wao Kyu Sakamoto alitoa wimbo uliowashika watu kwelikweli. Maneno yaliandikwa na Rokusuke Ei, muziki ukatungwa na Hachidai Nakamura. Mwaka 1963 ulifika kileleni Marekani, ukiimbwa kwa Kijapani kile kile, na wauzaji wa nje wakaubandika jina la chakula, "Sukiyaki", ambacho ndani ya wimbo hakimo kabisa. Ei alikuwa ametoka kwenye maandamano ya 1960 ya kupinga mkataba wa ulinzi kati ya nchi yake na Marekani. Mkataba ulipitishwa, waandamanaji wakarudi makwao mikono mitupu. Wimbo unamsimulia mtu anayetembea usiku peke yake, uso ameuinua juu ili machozi yasimdondoke.

Nilipoelezwa maana yake niliifikiria Jumapili yetu. Sisi nasi tunainua nyuso. Tunafundishwa kuinua macho kwenye milima, na ni mafundisho mema. Ila mimi ninayesimama mbele huwaona wengi walioinua macho kwa sababu ile ya Mjapani: jirani asije akaona.

Miaka miwili baada ya maonyesho ya Osaka, kijana mwingine wa Japani, Yosui Inoue, mtunzi anayeimba nyimbo zake mwenyewe, alitoa wimbo kuhusu mtu aliyesoma gazetini kwamba vijana wanajiua mijini. Habari nzito. Lakini kichwani mwa msomaji huyo mna jambo moja tu: mvua inanyesha, anataka kwenda kumwona mpenzi wake, na mwavuli hana. Mtu anaweza kumwita mbinafsi. Mimi namwona mkweli, na nadhani ungamo letu la kila Jumapili halijawahi kufika karibu na moyo kiasi hicho. Redio inatangaza watu waliokufa, na mtu anawaza bati lake linalovuja. Nani kati yetu hajawahi?

Sasa tuje kwenye kwaya zetu. Nazipenda, mnajua, na gharama za sare nachangia. Lakini sikilizeni mpangilio wa nyimbo tunazotunga siku hizi. Ubeti wa kwanza unataja taabu kwa mistari miwili mitatu. Ubeti wa pili tunaomba. Ufikapo wa tatu tumeshashinda, kinanda kinapandisha sauti, vitambaa vinapeperushwa, na adui yuko chini ya miguu. Dakika tano, mambo yamekwisha. Aliyeketi kwenye benchi la nyuma, ambaye mambo yake hayajakwisha, anapiga makofi kwa adabu.

Masika ya 2024 mto Rufiji ulijaa, wilaya ya Rufiji na Kibiti yote ikajua. Watu wa bondeni hawauogopi mto ovyo. Wanajua kwamba maji ya kiasi ndiyo yaletayo rutuba. Mpunga unayategemea, na yakishuka watu hupanda mlau kwenye unyevu uliobaki. Hukaa kwenye madungu yao juu ya nguzo, wakiamia ndege na kuwafukuza nguruwe, na maji yakipita chini yao hawana hofu. Maji ya mwaka ule yalikuwa mengine. Yalichukua mashamba, nyumba, akiba ya chakula, yakawaacha watu kambini. Wapo wanaosema ilikuwa mvua tu, wapo wanaolitaja bwawa la Nyerere, na mabishano hayo bado yapo vijiweni, leo siyaingilii. Wazee wanaikumbuka pia 1968, mafuriko makubwa, na Operesheni Rufiji iliyofuata, serikali ilipowatoa watu bondeni na kuwapandisha kwenye ardhi ya juu. Kwa hiyo habari ya kuchukuliwa na maji, kisha kuhamishwa na mkubwa, si ngeni kwa ukoo wowote wa huku.

Tulikwenda na kwaya kuwafariji. Tulibeba unga, sabuni, nguo, na spika. Tuliimba nyimbo za ushindi. Tulipomaliza, mama mmoja wa makamo akanishika mkono, akashukuru kwa unga, kisha akasema: "Baba mchungaji, mmeimba vizuri. Ila huyo aliyeshinda ni nani? Mimi mpunga wangu umekwenda." Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Nikarudi kwenye Biblia na swali lake, na ndiyo maana leo tuna somo la 2 Samweli.

Mfalme Sauli na mwanawe Yonathani wamefia vitani kwenye mlima Gilboa. Habari inamfikia Daudi. Huyu Daudi ni mtunzi na mpiga kinubi. Ndiye aliyekuwa akimpigia Sauli roho mbaya ilipomjia. Ni mtu pia ambaye Sauli huyo huyo alimrushia mkuki, akamwinda milimani, akamfanya mkimbizi. Kifo cha Sauli kinamfungulia Daudi mlango wa ufalme. Kwa hesabu za siasa, siku hiyo ni ya sherehe. Yeye anachana mavazi yake, anafunga mpaka jioni, kisha anatunga wimbo.

Usomeni polepole, aya ya 19 hadi ya 27. Anailaani milima ya Gilboa inyimwe umande na mvua. Anakataza habari isipelekwe kwenye miji ya Wafilisti, maana hataki adui afurahie. Anawaita wanawake wa Israeli wamlilie Sauli. Anamtaja Yonathani kama ndugu yake, na hapo sauti inamkatika kabisa. Wafu wawili anawataja kwa majina yao, aliyempenda na aliyemwinda, na hawatenganishi.

Sasa mtafuteni Mungu ndani ya aya hizo tisa. Hatajwi. Hamna ombi, hamna ahadi, hamna ufufuo, hamna "lakini tunajua kwamba". Ukiuchukua wimbo ule ukauweka kwenye redio, wazee wangu wangeuita wimbo wa dunia na kusema uzimwe. Nao umo katika Maandiko Matakatifu. Tena aya ya 18 inasema Daudi aliagiza wana wa Yuda wafundishwe. Alitaka uimbwe na vijana ambao hawakuwahi kumwona Yonathani.

Nikiusoma wimbo ule, namwelewa Mbaraka. Maneno yake siyaandiki hapa, wengi mnayajua kuliko mimi. Lakini fikirini jambo hili moja: mtunzi analitwaa neno "shida", ambalo kila mtu hulitamka kwa aibu, anapokopa unga kwa jirani au anapomwomba mwajiri mshahara kabla ya mwisho wa mwezi, analifanya jina la wimbo, na watu wanalicheza. Mvuvi wa kamba analiimba, karani analiimba, Mkenya analiimba. Kila mmoja ameweka shida yake mwenyewe mle ndani. Aliyekuwa akitazama juu anapata ruhusa ya kushusha uso, maana chumba kizima kinasema neno lile lile.

Nina sababu nyingine ya kumkumbuka mtunzi huyu hapa Kibiti, na hii nimesita kuiandika.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, huko Isimani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, alipigwa risasi na mkulima, Saidi Mwamwindi. Nchi ilishtuka. Ilikuwa habari ngumu, yenye ardhi ndani yake, na vijiji, na madaraka, na hadi leo watu hawaisimulii kwa namna moja. Mbaraka na Morogoro Jazz walitoa wimbo wenye jina la marehemu. "Dr. Kleruu", basi. Bendi ya dansi, iliyozoea kuimba mapenzi na harusi, ilimtaja aliyekufa.

Sisi nasi tulikuwa na miaka yetu. Mwaka 2016 na 2017, hapa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, watu waliuawa: viongozi wa vijiji, wa vitongoji, wa chama, na askari. Aprili 2017 polisi wanane waliuawa siku moja. Bodaboda zikapigwa marufuku usiku, milango ikafungwa mapema, watu wakajifunza kutouliza. Wako waliozikwa haraka, na wako ambao familia zao hadi leo hazijui wapo wapi. Tulipomaliza kuogopa hatukuanza kulia. Tulianza kunyamaza, na baada ya muda tukasema mambo yametulia. Ni kweli yametulia, barabara ya kusini inapitika usiku na mchana, korosho zinauzwa. Lakini siku za maombi ya watu wote kanisani mwetu tunaombea mvua, mitihani, wasafiri na serikali, na majina ya wale hatuyataji.

Sisemi hivi ili kufukua kesi. Mchungaji si mpelelezi. Daudi naye hakufanya uchunguzi wa kesi katika ule wimbo. Alitaja tu walioanguka, na akasema ilivyomuuma.

Kuna jambo ambalo majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi huku, wametuzidi. Nimekaa misibani kwao. Watu wanakuja, wanakaa mkekani, kisomo kinasomwa, na baada ya hapo mtu anaweza kukaa saa nzima pembeni ya mfiwa bila neno. Sisi tunafika na jenereta. Marafiki wa Ayubu, kabla hawajaharibu kwa hotuba zao, walikaa naye chini siku saba kimya, na hiyo ndiyo kazi pekee njema waliyoifanya katika kitabu kizima.

Mzee mmoja, baada ya kuniona nikisoma habari hizi, ameniuliza: kwa hiyo tulete gita la dansi madhabahuni? Hapana, mzee wangu. Nyimbo za Mbaraka zina mahali pake na zimekaa vizuri huko. Nyingine hata sizikubali. Ana ule uitwao "Pesa No. 1", na ninaomba yule kijana wa mwezi uliopita, aliyeuimba chini chini wakati wa mnada wa mavuno, jogoo alipofikia bei isiyosemeka, asirudie, maana nusu ya kwaya ilishindwa kujizuia na mimi nilikuwa karibu. Ninachotaka kutoka kwa watunzi wa namna yake ni ujasiri wa kutaja. Huo si mali ya dansi. Ulikuwa wetu kabla haujawa wao.

Hesabuni Zaburi. Zipo 150, na theluthi moja hivi ni vilio: vya mtu mmoja, vya taifa, vya mgonjwa, vya aliyesingiziwa. Nyingi zinageuka mwishoni na kushukuru, na kugeuka huko ni kwa kweli, hakukulazimishwa. Lakini ipo Zaburi ya 88. Mwimbaji anamlilia Mungu usiku na mchana, anasema amehesabiwa pamoja na walio kaburini, anauliza kwa nini uso umefichwa, na wimbo unakoma gizani, marafiki wamemkimbia. Haugeuki. Waliokusanya Zaburi walikuwa na nafasi ya kuongeza aya moja ya matumaini, nao hawakuongeza. Wakaikabidhi kwa waimbaji wa hekaluni, ikaimbwa hivyo hivyo.

Na Bwana wetu msalabani, pumzi ikiwa inamwishia, hakutunga sala mpya. Alilia kwa maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 22, kilio ambacho kila mtoto wa Kiyahudi alikuwa amekisikia. Jumapili, siku ya tatu, ilikuwa ikija, yeye alilijua hilo kuliko sisi, na bado hakulitumia kufunika Ijumaa.

Basi mwezi huu nimepanga hivi. Kwenye maombi ya watu wote, familia zitakazopenda zitaandika jina la mtu wao, wa maji au wa miaka ile au wa ugonjwa, kwenye karatasi, na wazee watayasoma. Majina tu. Hatutaeleza alikufaje. Atakayeona jina la mtu wake lisisomwe hadharani, alinyamazie, na asiulizwe. Kwa wale wa visiwani, mwinjilisti atakusanya majina atakapokuja kwenu, kabla maji hayajakupwa na boti kukwama kwenye matope ya mikoko kama safari iliyopita.

Kutembelea wagonjwa na wafiwa tutakwenda bila spika hadi nitakapotangaza vinginevyo. Kikundi cha akina mama kimenikubalia haraka, vijana wamenung'unika kidogo.

Nimemwomba pia mwalimu wa kwaya atunge tuni ya Zaburi ya 88, kwa sauti nne, bila ngoma. Kitabu chetu cha Tumwabudu Mungu Wetu kina nyimbo nzuri za maziko, na hizo tutaendelea nazo, lakini hii nataka tuimbe tukiwa hatuna jeneza mbele yetu. Mazoezi ni Alhamisi saa kumi jioni. Juzi amenijia na daftari, amefika aya ya 12, na kazi yake ni nzuri. Sauti ya besi inashuka mahali ambapo sikuitegemea. Akaniuliza kama anaweza kuongeza ubeti mmoja mwishoni, mfupi, wa kuwainua watu kabla hawajakaa. Nikamwambia aache ilivyo. Akasema vijana watauliza mbona wimbo umeishia njiani. Nikamwambia watakaouliza awalete kwangu, tutakaa nao barazani baada ya ibada, na yule mama wa mpunga nimemwalika awepo.